Wanaosomea amani waanzie Mwanza

Aprili 1996 Mwalimu Julius Nyerere aliwaita Mwanza wanasiasa wa Burundi. Walitoka vyama viwili, FRODEBU na UPRONA, ambavyo kwenye karatasi vilikuwa serikali moja tangu makubaliano ya Septemba 1994, ilhali vilima vya nchi yao vilikuwa vinawaka moto. Rais Melchior Ndadaye wa FRODEBU, aliyechaguliwa Juni 1993, alikuwa ameuawa na wanajeshi Oktoba 21 mwaka huohuo. Mwalimu mwenyewe alikuwa mstaafu, hana cheo chochote serikalini, mzee wa Butiama aliyeombwa na majirani kusaidia.

Juni wakaitwa tena. Kati ya vikao hivyo viwili, Mei 21, meli ya abiria MV Bukoba ilikuwa imezama ikikaribia bandari ya Mwanza, mamia ya watu wamekufa, na mji umegeuka mji wa matanga. Wajumbe wakakaa, wakasemezana, wakaondoka bila kuafikiana. Julai 25 jeshi la Burundi likaipindua serikali na Meja Pierre Buyoya akarudi madarakani.

Kwa hesabu ya magazeti ya siku zile, Mwanza ilishindwa. Mimi naona ndiyo maana inafaa kuwa somo la kwanza kwa yeyote anayetaka shahada ya uzamili ya amani na utatuzi wa migogoro, kabla hajapelekwa Belfast au Camp David. Usuluhishi uliofanikiwa husimuliwa kama hadithi, kila mtu akijipa sifa. Ulioshindwa huacha maswali: nani hakuitwa, nani aliitwa akaja na mdomo tu bila bunduki zilizokuwa porini, nani alitaka muda upite. Kazi ya mwanafunzi wa fani hii iko kwenye maswali hayo.

Kuna watu hucheka wakisikia kuwa amani inasomewa. Hoja yao inaeleweka: bibi zetu walipatanisha ndoa na mipaka bila kuandika tasnifu. Hata hivyo fani ina umri wa kutosha sasa. Mnorwei Johan Galtung alianzisha taasisi ya utafiti wa amani jijini Oslo mwaka 1959. Chuo Kikuu cha Bradford, Uingereza, kilifungua idara yake mwaka 1973, na profesa wa kwanza akawa Adam Curle, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameshughulika na usuluhishi wakati wa vita vya Biafra, Nigeria. Karibu na sisi, Makerere wana shahada ya uzamili ya amani na migogoro, na tangu 2021 wana kituo cha Rotary kinachowasomesha stashahada ya uzamili, kwa ufadhili, watu ambao tayari wako kazini. Gulu wanafundisha yaliyotokana na vita vya kaskazini mwa Uganda. Nairobi kuna Hekima, ya Wajesuiti. Addis Ababa kuna taasisi ya amani na usalama tangu 2007. Dar es Salaam, Kurasini, kipo chuo cha diplomasia kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978, ambacho sasa kina jina la Dk Salim Ahmed Salim. Kwa mtu wa Mwanza, Kampala ni safari ya basi kupitia Bukoba na Mutukula, na tangu Juni 2025 hapangi tena foleni ya kivuko Kigongo. Anapita juu ya daraja la kilomita tatu.

Kwa Tanzania kicheko kile kilikuwa na sababu ya ziada. Tulijiita kisiwa cha amani, na mwenye amani asomee nini? Galtung angejibu kwamba kuna amani ya kutosikia milio ya risasi, na kuna amani ya mtu kupata haki yake bila kulazimika kupigana. Nchi inaweza kuwa na ile ya kwanza kwa miaka mingi huku ya pili ikiliwa na mchwa. Kisha ikaja Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu ikawa siku ya maandamano na vurugu katika miji kadhaa, Mwanza ukiwemo. Watu wakapoteza maisha, intaneti ikazimwa nchi nzima, na Novemba Rais akaunda tume ya uchunguzi. Tangu hapo sijasikia mtu akiuliza kwa nini Mtanzania asomee migogoro.

Watu wa pwani ya ziwa hawakuhitaji kungoja mwaka huo. Aprili 6, 1994 ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa Kigali ikitoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa kutafuta amani. Mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda. Mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Mei miili ikaanza kuletwa na mto Kagera, na Kagera humwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, kuna makaburi ya halaiki ya zaidi ya watu 10,000 waliookotwa majini. Watu waliacha kula samaki. Mchuuzi wa sangara, ambaye hakuwahi kufika Kigali wala hakujua Mhutu ni nani na Mtutsi ni nani, alijikuta vita vya jirani vimefika kwenye beseni lake.

Ndiyo maana mazungumzo ya 1996 kufanyika Mwanza hayakuwa jambo la kupata hoteli zenye nafasi tu. Msuluhishi aliwaleta Warundi kwenye mji ambao nao ulikuwa unaumia.

Hapo pana mjadala ambao darasa la uzamili linaweza kukaa nao muhula mzima. Je, msuluhishi lazima asiwe na upande? Vitabu vingi huanza kwa kusema ndiyo. Mwalimu hakuwa mtu wa katikati kwa maana hiyo. Alikuwa na maoni, aliyasema, na baada ya mapinduzi ya Buyoya viongozi wa ukanda walikutana Arusha Julai 31, 1996 wakaiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, naye akiwa nyuma ya shinikizo hilo. Wengi katika UPRONA na jeshini walimwona anaegemea upande wa pili. Serikali ya Bujumbura ililalamika kwamba Tanzania, yenye kambi za wakimbizi zilizosemekana kuficha waasi, haiwezi kuwa refa. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Wapo wasomi wanaosema viliwaumiza wakulima kuliko majenerali, na wapo wanaosema bila hivyo Buyoya asingeketi mezani. Mimi nipo karibu na hawa wa pili, ingawa sijawahi kupanga foleni ya mafuta ya taa Bujumbura mwaka 1997, na hilo lazima lihesabiwe.

Kilichofuata kinaonyesha ufundi ambao haupatikani katika kitabu kimoja. Mazungumzo yalifunguliwa upya Arusha Juni 1998, safari hii pande zikiwa nyingi hadi zikafika 19, na kazi ikagawanywa kwa kamati. Kamati ya kuchunguza asili ya mgogoro ilipewa Armando Guebuza wa Msumbiji. Kamati ya amani na usalama ikapewa padri wa Kiitaliano, Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio. Tazama uteuzi huo vizuri. Miaka michache nyuma, Roma, Guebuza aliongoza ujumbe wa serikali ya Msumbiji katika mazungumzo na waasi wa Renamo, na Zuppi alikuwa mmoja wa wasuluhishi wake, hadi mkataba ukasainiwa Oktoba 1992. Kwa hiyo Warundi walipokaa Arusha walikuwa mbele ya mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti chao, na mbele ya padri aliyewahi kumvumilia mtu huyo kwa miaka miwili. Guebuza baadaye akawa rais wa nchi yake. Zuppi leo ni kardinali, na mwaka 2023 Papa alimtuma kuhangaikia vita vya Ukraine.

Mwalimu alifariki Oktoba 14, 1999 kabla ya kuona mwisho. Nelson Mandela akachukua usukani, na mkataba ukasainiwa Arusha Agosti 28, 2000. Lakini wenye bunduki hawakuwa mezani. Waasi wa CNDD-FDD walitia saini ya kusitisha mapigano Novemba 2003, na FNL Septemba 2006, wote Dar es Salaam. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alipogombea muhula wa tatu, ubishi ulikuwa juu ya maneno ya mkataba huohuo wa Arusha, na mwaka uliofuata mzee mwingine wa Kitanzania, Benjamin Mkapa, akapewa faili la usuluhishi. Mkapa alikuwa na uzoefu: mapema 2008 alikaa Nairobi pamoja na Kofi Annan na Graça Machel mpaka Wakenya wakasaini Februari 28 makubaliano ya kumaliza vurugu za baada ya uchaguzi. Miaka thelathini ya kumbukumbu za namna hii, na mwanafunzi wetu bado anaandika sura ya pili ya tasnifu yake kuhusu Ireland ya Kaskazini.

Sasa tushuke kutoka Arusha hadi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, maana si kila mhitimu atawapatanisha marais.

Chukua ugomvi wa kokoro. Kokoro ni wavu mrefu unaovutwa kutoka ufukweni na kundi la watu, na umepigwa marufuku kwa sababu unazoa hata samaki wachanga kwenye mazalio yao. Wavuvi wa nyavu za makila wanaoingia kina kirefu wanawachukia wavuta kokoro, wakisema wanamaliza sangara kabla hajakua. Wavuta kokoro nao wanajibu kwamba hawana mtumbwi wala injini ya kuwafikisha huko kwenye kina. Kati yao yupo mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni, ambaye amechaguliwa na watu walewale anaotakiwa kuwakamata. Shemeji yake anavuta kokoro. Juu yao wote yupo ofisa uvuvi, mwenye sheria na kiberiti. Katika Operesheni Sangara ya 2018 nyavu haramu zilichomwa hadharani mialo mingi ya ziwa, na moshi wake unakumbukwa hadi leo, na wenye nyavu hasa ndio wanaoukumbuka.

Mwanafunzi aliyefundishwa vizuri akifika hapo hataanza kwa kuuliza nani ana makosa. Sheria imeshajibu hilo. Atachora ramani ya wahusika, na atagundua kwamba mtu wa maana zaidi hayupo ufukweni kabisa. Ni tajiri, mwenye wavu, anayeishi mjini, na wale wanaovuta kamba kifua kikiwa wazi hulipwa mgawo baada ya gharama kukatwa. Ukichoma wavu umemuumiza mvutaji wiki moja na tajiri siku mbili. Wavu mwingine unakuja usiku. Kisha mwanafunzi atatenganisha msimamo na haja. Msimamo wa mvutaji ni kwamba kokoro iachwe. Haja yake ni kula leo, kwa sababu hana akiba ya kusubiri sangara akue. Msimamo wa mwenye makila ni kokoro ichomwe. Haja yake ni kuwa mkopo wa injini aliouchukua ulipike. Haja hizi mbili hazigongani kama misimamo inavyogongana, na katika pengo hilo ndipo msuluhishi anapopata pa kuweka mguu. Ongeza vizimba vya kufugia samaki, ambavyo vimeongezeka miaka ya karibuni na kuchukua maji yaliyokuwa ya kila mtu, na una mada ya tasnifu ambayo haitaisha.

Migogoro mingine haina nafasi ya mazungumzo marefu. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ubishi wa nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa buchani uliishia kwa mchungaji kuuawa. Waislamu na Wakristo walikuwa wameishi pamoja vizazi na vizazi, wakila kitoweo kimoja bila kuulizana. Serikali ikaingilia, viongozi wa dini wakakaa, na leo kamati za amani za madhehebu ni sehemu ya kawaida ya mikutano ya wakuu wa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Ningependa kusoma utafiti wa mtu aliyekaa Buseresere muda mrefu, akahesabu mabucha, leseni na wateja, kabla ya kuhesabu aya za vitabu vitakatifu.

Na wapo sungusungu, waliozaliwa upande wa Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, wakaenea Usukuma yote, wakatambuliwa kisheria mwaka 1989. Walirudisha usalama pale polisi waliposhindwa. Pia waliwatenga na kuwatesa watu, wakiwemo vikongwe waliotuhumiwa uchawi. Mwanafunzi anayekuja kutafuta "mila zetu nzuri za upatanishi" akutane nao mapema.

Kuhusu kufika huko vijijini. Utaratibu unajulikana: chuo kinatoa barua ya utambulisho, barua inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa (RAS), naye anaishusha wilayani, inafika kata, mtendaji anagonga muhuri na kukutafutia mwenyeji. Wiki mbili zimepita. Mahojiano yanafanyika kwa Kisukuma au Kijita, mkalimani anayageuza Kiswahili, na usiku mwanafunzi anayageuza Kiingereza, maana tasnifu lazima iwe kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Vyuo vikuu bado. Matokeo ni kwamba mzee aliyehojiwa hawezi kusoma alichoandikiwa, na mwenyekiti wa kijiji hawezi kukitumia.

Kibaya zaidi ni watafiti wasiorudi. Tangu mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitikisa Kanda ya Ziwa kuanzia mwaka 2007, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akatokwa na machozi bungeni Januari 2009, vijiji vimepokea wageni wenye madodoso yanayofanana. Mama amesimulia msiba wake kwa huyu, akausimulia kwa yule, wa tatu akaja na kinasa sauti. Hakuna aliyerudi kusema alichokiona. Fani inayojifunza namna ya kutoongeza madhara inaanzia hapo, kwenye adabu ya mgeni, na adabu hiyo haina alama kwenye mtihani.

Suala la ajira nitalipita haraka kwa sababu jibu lake ni fupi: ajira zipo chache, nyingi ni za mradi wa miaka miwili, na mradi ukiisha mhitimu anarudi kufundisha uraia sekondari. Wachache huingia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwenye migogoro ya kazi, wengine majeshini, wengine kwenye mashirika ya wakimbizi Kigoma. Mimi ningeona heri ufadhili uwaendee wale ambao tayari wanasuluhisha kila wiki bila cheti: katibu wa BMU, shehe, mchungaji, mjumbe wa baraza la kata.

Hasa huyu wa mwisho. Kwa sheria ya mahakama za ardhi ya mwaka 2002, baraza la kata lilikuwa linaamua kesi za ardhi ya thamani isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya 2021 yaliondoa uwezo huo. Sasa baraza linasuluhisha tu, na lina siku 30; likishindwa, mlalamikaji anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa tendo moja la Bunge, watu waliozoea kutoa hukumu waliambiwa washawishi.

Kesi ya kawaida kata za kando ya ziwa huwa hivi. Mjane na shemeji yake wanagombea mpaka. Uzio wa minyaa umehamishwa. Kila mmoja anasema umehamishwa na mwenzake. Wanakaa wajumbe watatu, mmoja wao lazima awe mwanamke. Mjumbe wa zamani, mwenye tabia ya uhakimu, anataka kwenda kupima hatua. Mjumbe mama anamgeukia mjane.

"Shikamoo dada. Bustani yako ya nyanya unaimwagilia kwa maji ya wapi?"

"Marahaba. Ya ziwani."

"Unapita wapi?"

"Pale alipopandia minyaa."

Anamgeukia mwanamume. "Na wewe baba, akipita anakuharibia nini?"

Inachukua muda, lakini linatoka: kuna tajiri wa mjini ameonekana akitembea na mjane ufukweni, na shemeji anaogopa shamba la marehemu kaka yake litauzwa, ukoo ubaki unaliangalia. Ugomvi wa minyaa ulikuwa ugomvi wa njia kwa huyu, na wa kuuza kwa yule. Mama yule hajamsoma Galtung. Amefanya kile ambacho mwanafunzi wa uzamili hulipa ada ya miaka miwili kujifunza, na mwenzake aliye pembeni, mwenye miaka kumi barazani, hakukiona.

Tofauti kati ya wajumbe hao wawili inafundishika. Chuo kitakachowaweka wanafunzi wake miezi mitatu kwenye baraza kama hilo kabla hawajaandika pendekezo la utafiti, na kuwaleta wajumbe darasani kwa wiki moja moja, hakihitaji mfadhili wa Ulaya. Kinahitaji barua ya RAS na nauli ya daladala ya kufika kata ya Kayenze, kando ya ziwa.